Kaburi la Mgomba

Sehemu ya sita

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha uani kwa mama, Isansa, nimeshika notisi ya dalali wa mahakama: siku kumi na nne tuwe tumehama. Wengi mmenitumia ujumbe wa pole. Mmoja ameniita shujaa wa wanawake wa Songwe. Soma ya leo kwanza, ndugu yangu, halafu uamue kama neno hilo unaliacha au unalifuta.

Kwa anayeingia sasa, kesi yetu ni fupi. Baba yetu, mzee Anania, alituachia eka mbili za kahawa na nyumba anayoishi mama. Usimamizi alimwachia kaka yangu mkubwa, Yonathani. Mwaka 2013 Yonathani alivuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha. Hakurudi, hakupiga simu. Miaka kumi baadaye akajitokeza mfanyabiashara mmoja, Jairo, na karatasi inayosema Yonathani alimuuzia shamba lote Machi 2016.

Niliwaambia watu wa baraza la ardhi kwamba Machi 2016 kaka hakuwepo nchini. Nikaulizwa ushahidi uko wapi. Jairo alikuwa na sahihi na mashahidi wawili, mimi nilikuwa na machozi. Tukashindwa.

"Lakini si tumekata rufaa?" nilimuuliza wakili wangu, Mercy, siku niliyompelekea ile notisi.

"Tumekata. Rufaa yenyewe haimzuii dalali, dada Sekela. Aliyeshinda anaruhusiwa kukazia hukumu yake hata kesho. Kumzuia tunahitaji amri nyingine, ya kusimamisha utekelezaji mpaka rufaa isikilizwe."

"Basi iombe."

"Nitaiomba. Wewe niambie utapoteza nini ambacho hakiwezi kulipwa."

Nikamtajia mibuni ya baba. Jairo alikuwa ameshatangaza kwamba ataing'oa yote ajenge ghala la mahindi, na mbuni ukishang'olewa, hata ukishinda rufaa unarudishiwa uwanja mtupu. Mercy alitikisa kichwa. Mibuni inathaminiwa, alisema, mche kwa mche. Nyumba inathaminiwa. Hata mama na uzee wake, upande wa pili watasema apangishiwe chumba Vwawa.

"Kuna kaburi?" aliuliza. "Kaburi kila mwenyekiti wa baraza analiheshimu."

Baba amezikwa makaburi ya kanisa, ng'ambo ya barabara. Babu na bibi wako hukohuko. Shambani kwetu hakuna hata kaburi la mbwa. Ulimi wangu ulijibu kabla sijajiweka sawa kwenye kiti.

"Lipo. La Yonathani."

Mercy akaweka kalamu chini. "Kaka yako aliyepotea?"

"Habari zimekuja baada ya hukumu. Alifia Zambia. Tumemleta, tumemzika wiki iliyopita."

"Pole sana. Mbona hukuniambia? Cheti cha kifo unacho?"

"Kiko Zambia bado, kinachelewa."

Alinishika mkono akanipa pole ya pili, kisha akaandika. Aya ya saba ya kiapo changu inasema kwamba mwili wa marehemu kaka yangu, Yonathani Anania, umelazwa katika shamba hilo, na kwamba hayo ni kweli kwa ninavyojua. Niliapa nimeshika Biblia, nikasaini kila ukurasa. Nikatoka pale nikiwa na siku chache tu za kumtafutia marehemu kaburi.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo hauachi jina lake lizurure. Unachimba kaburi, unakata mgomba, unauvika nguo yake, unauzika kwa jina lake. Ni maziko ya watu wachache, hayana turubai wala spika. Wazee walimshauri mama afanye hivyo tangu mwaka wa tano wa kupotea kwa Yonathani. Mama alikataa. Alisema hamziki mtu ambaye bado anamwekea chakula.

Nilijua atakataa tena, kwa hiyo sikumuuliza. Nilimshawishi aende Mbangala kumwona dada yake mgonjwa. Jumapili, watu wakiwa kanisani na nyimbo zinasikika mpaka shambani, nilimchukua binamu yangu Gibson, mwendesha bodaboda wa Tunduma, tukachimba katikati ya mibuni.

"Mgomba unakatwa juu, dada," Gibson alisema aliponiona nauzungushia jembe. "Wazee wanaukata juu, mizizi inabaki."

"Ule mkubwa tutaubeba sisi wawili? Huu mdogo unatosha."

"Huu unakuja na mizizi yake."

"Wazee hawakuwa na dalali mlangoni, Gibson. Weka."

Akauweka. Nilikuwa nimetoa sandukuni shati la Yonathani, lile la bluu ambalo mama alilifua kila Krismasi na kulikunja upya. Nikauvika mgomba, nikafunga kifungo cha shingo. Tukafukia, tukasimika msalaba wenye jina lake na mwaka wa kuzaliwa, na pembeni nikaandika mwaka huu.

Gibson hakukaa kunywa hata uji. "Tumemzika mtu tusiyejua kama amekufa," alisema, akapiga kiki pikipiki yake akaondoka.

Majirani waliouona msalaba walijua maana yake. Walinipa pole za chinichini, wakidhani mama hatimaye amekubali.

Siku ya kumi na mbili likatoka zuio la muda: dalali asiguse chochote mpaka maombi yetu yasikilizwe mbele ya pande zote mbili. Dalali alikuja hata hivyo, nakala ilikuwa haijamfikia. Nikampa yangu. Aliisoma akiwa amesimama, akageuka kuondoka, akauona msalaba. Mtu yule, ambaye wiki mbili kabla alihesabu madirisha yetu kwa sauti, alivua kofia.

"Ndugu yako?"

"Kaka yangu."

"Mungu amlaze mahali pema," alisema, na akasimama pale muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Ile kofia mkononi mwake ilinitesa kuliko notisi yake. Kuanzia siku hiyo sikuweza kupita peke yangu katikati ya ile mibuni, hata saa sita mchana. Nikiwa Tunduma kwenye kelele za malori, mtu akinigusa begani nashtuka. Nilikuwa nimemfanya dalali aniache, na sasa kuna mwingine aliyekuwa haniachi.

Mama akarudi kutoka Mbangala. Nilijipanga kumweleza taratibu, baada ya chai. Aliufikia msalaba kabla sijamfikia. Mama hasomi vizuri, lakini jina hilo analijua.

"Nani amemleta?" aliuliza.

"Hajaletwa mtu, mama. Ni kwa ajili ya kesi. Humo kuna mgomba tu."

"Baraza limesema mwanangu amekufa?"

"Hapana. Nimesema mimi."

"Na shati?"

Mama akaingia ndani. Nikasikia sanduku likifunguliwa, kisha likifungwa.

Nikamfuata mlangoni. "Nimefanya kwa ajili yako, mama. Wangekutoa humu ndani."

"Ningetoka. Mimi nimezaliwa humu?" alisema bila kugeuka. "Yeye angerudi angeulizia, angenikuta popote. Sasa akirudi anakuta kaburi lake."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Angenigombeza ningepona. Alichukua kigoda akakiweka karibu na lile tuta, na kila jioni akawa anakaa pale anaongea polepole. Siku moja nilisogea kusikiliza. Alikuwa ananiombea msamaha kwa kaka yangu.

Mvua za kwanza zilinyesha mwisho wa Novemba. Jumamosi yake nikampelekea sukari na sabuni, nikamkuta kwenye kigoda chake. Katikati ya tuta, palepale nilipofunga kifungo, lilikuwa limetoka chipukizi moja la kijani, limejikunja.

"Anakataa," mama alisema.

Nilileta kisu nikalikata. Utomvu ukanirukia kwenye kitenge, na utomvu wa mgomba hautoki, kila mwanamke wa Isansa anajua hilo. Wiki iliyofuata lilikuwa limerudi, refu kuliko la kwanza. Nikalikata. Mara ya tatu yalikuwa mawili. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na mambo ya mizimu huwa nayacheka. Lakini nilipoinama mara ile ya tatu nilimwomba radhi Yonathani kwa sauti, na nikaogopa asije akaniitikia.

Jairo naye hakulala. Alileta kiapo chake kinachopinga changu: alipokuja kupima shamba hakuona kaburi, na kama lipo basi limechimbwa kwa ajili ya kesi. Mwenyekiti wa baraza akasema hatagombana na makaratasi. Alhamisi atakwenda kuliona kwa macho yake, ndipo aamue kama zuio linaendelea au linaondolewa.

Ilikuwa imebaki Jumanne na Jumatano.

Mimi ni mama lishe Tunduma, jiko langu liko kwenye foleni ya malori ya mpakani. Kwa miaka kumi na mbili picha ya Yonathani ilining'inia ukutani juu ya masufuria, na kila dereva aliyekula kwangu akielekea Ndola au Kitwe nilimwambia aitazame vizuri kabla hajalipa. Siku niliyosaini kiapo niliitoa. Nilihofia mtu wa Jairo aje kula, aione.

Jumanne hiyo akaingia Jastin, dereva wa siku nyingi, anayemwita kila mtu mukwai, heshima ya Kibemba. Akatazama ukuta kabla ya kutazama chakula.

"Picha iko wapi, dada Sekela?"

"Nimeitoa. Kwani vipi?"

"Unaitoa wakati mimi nimempata?" Akacheka, akavuta stuli. "Yuko Chingola, analinda gereji. Mguu mmoja hauko sawa. Nilipomwambia mama yenu yu hai, alilia yule mtu, mukwai. Alidhani mlishamtupa wote."

Mwiko ukanitoka mkononi. Gibson alikuwa meza ya pili anakula, akaacha kutafuna.

"Una uhakika ni yeye?"

"Kanitajia majina yenu wote, mpaka la ng'ombe aliyemng'oa jino."

"Kwa nini hakurudi?"

"Alikamatwa hana vibali, akafungwa. Kuanzia 2015 mpaka 2017. Alipotoka akaona aibu kurudi mikono mitupu, mwaka ukazaa mwaka. Karatasi ya kuachiwa bado anayo, kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Kanionyesha, tarehe zote zipo."

Rudia hapo, kama nilivyorudia mimi. Machi 2016 kaka yangu alikuwa kifungoni Zambia, na karatasi ya Jairo inasema siku hiyo alikuwa Isansa anasaini kuuza shamba. Ushahidi nilioukosa barazani ulikuwa kwenye mfuko wa nailoni, na mwenye mfuko nilikuwa nimeapa kwamba amekufa.

"Nimekuja naye mpaka Nakonde," Jastin akaendelea. "Yuko gesti, hapo upande wa pili wa mpaka. Anaogopa tu mtampokeaje. Nikamlete?"

Hili la sasa sijawahi kumwambia mchungaji, wala Mercy. Miaka kumi na mbili niliwasihi madereva waniletee kaka yangu. Siku alipofika umbali wa kutembea kwa miguu, nilisema:

"Mwambie asivuke."

"Nini?"

"Asivuke mpaka wiki hii iishe. Mwambie nimesema mimi, kuna mambo hayajakaa sawa."

Jastin akanitazama kama nimempa chakula kilicholala. "Dada, yule mtu ana njaa ya kumwona mama yake."

"Wiki moja tu, Jastin."

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu pale pale, mbele ya jiko. Yonathani akiwa hai, rufaa tunashinda, mama anabaki na nyumba yake na baba anabaki na kahawa yake, na mimi nakwenda kujibu kiapo cha uongo. Yonathani akiwa marehemu, mimi napona, na siku ya rufaa shamba linakwenda kwa Jairo kwa sababu hatuna shahidi. Nilitaka Alhamisi ipite kwanza. Baada ya Alhamisi nilikuwa sijui nataka nini, na nadhani nilijua lakini sikuthubutu kujisikia nikisema.

Gibson alinawa mikono. Hakumaliza sahani yake, hakuniaga.

Alhamisi asubuhi nilikata chipukizi kwa mara ya nne, nikasiliba udongo juu, nikatandaza maua ya bustani ya jirani. Saa nne wakafika: mwenyekiti na karani wake, Mercy, Jairo na wakili wake, na dalali nyuma yao.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti alimsalimia mama, aliyekuwa kwenye kigoda chake.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na njia."

Wakalizunguka lile tuta. Karani alipima kwa hatua, akaandika. Jairo alisema udongo ni mpya. Mercy akajibu kwamba hata msiba ni mpya, habari zilikuja baada ya hukumu, na kiapo kimeeleza hivyo. Alinitetea vizuri sana yule binti, na kila neno lake lilinichoma.

Mwenyekiti akainama, akayasogeza maua kwa ncha ya mwamvuli. Udongo niliosiliba ulikuwa umelowa mahali pamoja, unatoa maji. Akagusa kwa kidole. Akakitazama kidole, kisha akatazama madoa kwenye kitenge changu.

"Mama," alimgeukia mama yangu, kwa upole, "nani amelala hapa?"

Nilifumba macho. Mama hajui kudanganya hata mtoto anayelia.

"Mimi sikuwepo siku ya kuzika," alisema. "Muulize aliyezika."

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo, na mpaka leo sijui ningetoa neno gani, kwa sababu wakati huohuo pikipiki ilisikika ikiteremka kutoka barabarani. Ekzosi ile mbovu naijua. Ilikuwa ya Gibson.

Nyuma yake akashuka mwanaume mwembamba, mguu mmoja anauburuta, mfuko wa nailoni ameubana kifuani. Alikuja kwa kukatisha kwenye mibuni. Katikati ya shamba kuna mahali ambapo zamani palikuwa na shimo la kuoshea kahawa, baba alilifukia na sasa ni tambarare, nyasi zimeota. Yeye alipazunguka. Hakuna mgeni anayejua kupazunguka.

Mama akasimama, akaziba mdomo kwa upande wa khanga.

Yonathani alikuwa hajamwona. Aliona watu wa mjini, akaona msalaba, akasogea. Akasoma jina lake. Akasoma mwaka. Halafu akavua kofia, kama alivyovua dalali, na dalali alipomwona hivyo akavua tena na yake.

"Na wewe, bwana," mwenyekiti aliuliza, karani ameshaweka kalamu tayari, "wewe ni nani?"

Kwa nilivyomwona Yonathani usoni, Gibson alikuwa amemweleza yote njiani. Alimtazama Jairo. Alinitazama mimi, na madoa yangu. Alijua kwamba akitaja jina lake mama hahami, na mimi ninaondoka pale na polisi. Akitaja jina lolote lingine mimi nabaki huru, shamba linapotea, na yeye anabaki mle ndani ya tuta pamoja na shati lake la bluu, mama akimtazama.

Alinigeukia, baada ya miaka kumi na mbili, akasema na mimi Kinyiha, polepole, ili wageni wasielewe.

"Sekela, mdogo wangu. Mimi ni mzima, au nimekufa?"

Karani ni mtoto wa Igamba, Kinyiha amenyonya nacho. Aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akanitazama, naye akawa anangoja nijibu.